Chupa Niliyotoka Nayo Matongo

Morotonga
3 Machi 1957

Mwanangu Wegesa,

Kabla ya salamu nikuambie jambo, maana nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu, kama nilivyofanya katika barua zangu zote za nyuma. Nyumbani kwangu kuna darubini. Si ile ya kutazamia milima. Ni ya shaba, ya hospitali, ya kutazamia vitu ambavyo jicho peke yake halivioni. Nimewaficha wakubwa wa serikali kwa miaka ishirini na mmoja, na si yangu. Kambi ya malale kule Ikoma ilipofungwa, sisi wapimaji damu tuliagizwa tufunge vyombo vyote kwenye masanduku. Sanduku moja nililifunga likiwa na majani makavu tu. Mke wangu alifariki akiamini kwamba darubini ile nilipewa na wakubwa kama zawadi ya kuniaga.

Sasa salamu. Mimi ni mzima wa mdomo na mkono wa kulia, sehemu nyingine zinakwenda zinavyotaka. Miguu imevimba. Mganga wa zahanati ya Mugumu alinisikiliza kifua, kisha akaniuliza kama nina watoto. Nikamwambia sina, ninaye mtoto wa marehemu kaka yangu Magige, mwalimu huko Tarime. Akasema, "Mwandikie, mzee." Basi naandika.

Mvua imeanza vizuri. Jirani yangu Bhoke, yule mjane niliyekueleza, bado ananiletea uji asubuhi na maji kutoka mto Manchira. Huku Morotonga watu ni wageni kwa wageni. Kila mtu alikuja na mzigo wake vichaka vilipofyekwa, na hakuna anayemwuliza mwenzake alikotoka. Kwa miaka mitatu hilo lilinifaa. Sasa siku nzima inaweza kupita sijasikia sauti ya mtu ila ya Bhoke, naye haongei na mimi, anaongea na sufuria.

Ninayo chupa moja kubwa ya kioo, ya kuwekea peremende dukani. Ndani yake nina maji, majani ya mtoni, matope kidogo chini, na konokono wawili. Naiweka dirishani. Kila siku jua likipanda natoa tone moja kwa unyoya wa kuku, naliweka kwenye kioo, natazama. Wegesa, humo ndani kuna kijiji. Kuna mmoja ana umbo la unyayo wa kiatu, hana macho wala miguu, lakini akigonga kitu anarudi nyuma, anageuka kidogo, anajaribu tena. Namtazama mpaka uji unapoa.

Nataka darubini hii uichukue wewe, wanafunzi wako waione. Liko jambo lingine linalokwenda pamoja nayo. Nitaliandika nikipata nguvu.

Msalimie mumeo Kisyeri na wote walio chini ya paa lako.

Baba yako mdogo,
Stanslaus Mniko


Tarime
21 Aprili 1957

Baba mdogo, shikamoo.

Barua yako ilichukua majuma sita. Lori lilikaa ng'ambo ya mto Mara likisubiri maji yapungue, na bahasha ilifika imelowa upande mmoja, lakini maneno yanasomeka. Pole kwa miguu. Kisyeri anasema uinyanyue juu ya kigoda ukikaa. Sisi ni wazima. Darasa langu lina watoto sitini na wawili na madirisha mawili. Mahindi yamefika magotini.

Umewasalimu wote walio chini ya paa langu. Baba mdogo, chini ya paa langu yumo mama. Yuko hapa tangu Januari, alipoanza kutema damu kule kwa wajomba zangu karibu na Sirari. Katika barua zako zote hujawahi kumtaja. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni adabu ya shemeji.

Nilimsomea barua yako jioni tukichambua maharage. Nilipofika kwenye neno darubini aliweka ungo chini, akatoka nje, akakaa kwenye jiwe la kufulia mpaka giza likaingia. Nilipomfuata alisema maneno manne tu: "Bado anacho kile kioo."

Nikueleze mama anataka nini, maana ni kitu kimoja na hakina siku nyingi. Anataka kuzikwa Matongo, kando ya baba. Mwezi wa pili nilikwenda kwa mzee Heche, kwa kuwa yeye ndiye msemaji wa wazee pale, nikamwomba. Alinikaribisha, akanipa maziwa, kisha akasema, "Mwalimu, mimi sina ugomvi na mama yako. Lakini iritongo, mkutano wa kijiji kizima, lilimtoa kwa sababu kioo kilisema, na aliyetolewa na iritongo harudi hata akiwa maiti." Nilimwuliza kioo gani. Akaniambia niwaulize wakubwa wangu.

Nilikuwa na miaka mitano. Nakumbuka paa likishushwa, na mama akinibeba mgongoni ingawa nilikuwa mkubwa wa kutembea. Sikumbuki kioo. Wewe ndiye mkubwa wangu aliyebaki. Niambie.

Mtoto wako,
Wegesa


Morotonga
30 Mei 1957

Mwanangu Wegesa,

Nimepokea barua yako na nimefurahi kusikia kuhusu mahindi. Huku ngiri wameharibu ya Bhoke, naye amewatukana kwa Kikurya na Kiikoma, maana anasema ngiri wa huku hawajui Kiswahili. Miguu nimeinyanyua kwenye kigoda kama alivyosema Kisyeri. Mwambie asante. Sasa kinachovimba ni mikono.

Juzi Bhoke alinikuta nimeinama kwenye darubini. Akasimama nyuma yangu akasema, "Mzee, hawa wadudu unaowafuga hawana maziwa, hawana nyama, huwezi hata kuwatoa mahari. Kazi yao nini?" Nikamwambia atazame. Akatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Kisha akasema, "Wanaonekana kama watu wanaotafuta kitu walichodondosha."

Juma hili nimeona kengele. Ni viumbe wanaosimama kwenye mashina membamba kuliko uzi wa buibui, wameshikana kwenye kipande cha jani, kama ishirini hivi. Mdomoni mwa kila kengele kuna manyoya yanayozungusha maji ili chakula kiingie. Ukigusa kioo kwa ukucha wote wanajikunja mara moja, shina linakuwa kama chemchemi ya saa, wanabaki wameng'ang'ania jani. Baadaye mmoja ananyooka polepole. Halafu wa pili. Wa mwisho anachukua muda. Mmoja nilimhesabia mapigo ya moyo wangu mpaka yakafika tisini, ndipo akanyooka.

Yuko pia kiroboto wa maji, huyo hata wewe ungemwona kwa jicho. Mwili wake ni kama kioo. Moyo wake unaonekana nyuma ya mgongo ukipiga haraka haraka, na mayai yake yanaonekana, na alichokula kinaonekana. Hana pa kuficha kitu.

Hii chupa nimetoka nayo Matongo. Sijawahi kuimwaga. Maji yakipungua naongeza, matope yakizidi napunguza, lakini kuimwaga yote sijawahi. Nilipohamia huku niliipakata mapajani kwenye lori siku mbili, na watu walidhani ni dawa.

Uliloniuliza nitalijibu. Leo mkono umechoka.

Baba yako mdogo,
Stanslaus


Tarime
2 Julai 1957

Baba mdogo, shikamoo.

Sisi ni wazima. Mama amepungua, sasa namwinua mwenyewe kutoka kitandani.

Umeniandikia kurasa tatu za wadudu. Ni kurasa nzuri, na darasani nilisoma habari ya kengele watoto wakatulia, jambo ambalo si kawaida yao. Lakini mimi sikuuliza habari ya kengele.

Niliuliza hivi: siku mama alipofukuzwa, kioo kilisema nini, na nani alikuwa amekishika?

Wegesa


Morotonga
19 Agosti 1957

Mwanangu Wegesa,

Salamu kwako na kwa Kisyeri, na kwa shemeji yangu Mogesi. Nimeandika jina lake. Hii ni mara ya kwanza tangu mwaka 1936.

Pamoja na barua hii utapokea kasha. Dereva wa lori la duka ameahidi kulipakata kama mtoto. Ndani kuna darubini, imefungwa kwa blanketi langu. Kioo cha chini cha kumulikia kina ufa, lakini kinafanya kazi ukiielekeza dirishani asubuhi. Mimi sina haja nayo tena. Jicho la kulia limeingia ukungu, na la kushoto sikuliamini tangu zamani. Chupa nimebaki nayo. Nakaa mbele yake tu. Najua wamo.

Mimi ndiye niliyeshika kioo.

Baba yako alifukiwa kwenye shimo la dhahabu ukiwa na miaka mitatu. Hayo unayajua. Mimi niliporudi kutoka Ikoma nilikuwa mtu mkubwa pale Matongo. Nilivaa viatu. Nilikuwa nimesoma misheni miaka minane na kupima damu miaka kumi na mmoja, na nilipenda watu wajue. Wazee walikuja kwangu jioni kusikia habari za vijidudu vya malale vinavyoogelea katikati ya damu ya mtu. Niliwaambia hakuna kinachofichika mbele ya kioo hiki. Maneno hayo niliyasema mara nyingi.

Kiangazi cha mwaka ule kuhara kuliingia bomani kwa Heche. Watoto watatu walikufa katika mwezi mmoja. Mama yako alikuwa mjane, nyumba yake iko pembeni, na wewe ulikuwa unacheza uani, mnene, huugui. Watu wakaanza kuhesabu. Siku moja baada ya kukamua walikuja wazee saba, Heche mbele, na kibuyu cha maji. Wakasema yametoka kwenye mtungi wa Mogesi. Heche aliniambia, "Mura, kijana wetu, wewe unaona yaliyofichika. Tuonyeshe."

Nikaweka tone kwenye kioo. Heche akatazama. Akaruka nyuma akapiga kiti teke. Akasema, "Wanatembea. Mmoja ana mdomo." Wengine wakatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyetazama mara mbili.

Hicho ndicho kilichosemwa na kioo, nacho kilikuwa uongo, maana viumbe vile viko katika kila maji ya mtoni na kila mtungi wa Matongo. Vilikuwamo kwenye mtungi wa Heche mwenyewe. Nilipaswa kuwaambia walete mitungi yao wote. Sikusema. Nilikuwa nimeiba kile chombo, na niliogopa neno likivuma litafika kwa wakubwa. Nilikaa kwenye kiti changu. Wakaondoka kwenda kwa mama yako.

Mpelekee Heche barua hii. Mwambie mitungi yote ilikuwa sawa.

Baba yako mdogo,
Stanslaus


Tarime
13 Oktoba 1957

Baba mdogo, shikamoo.

Kasha lilifika salama. Kisyeri amelitengenezea meza dirishani. Asante kwa kuandika jina la mama.

Nilikwenda Matongo kama ulivyosema. Heche sasa anatembelea fimbo mbili, lakini akili ni ileile. Nilimsomea barua yako yote mbele ya wazee wawili. Alisikiliza, kisha akauliza, "Mwalimu, kama mitungi yote ilikuwa na wadudu, mbona hakutuonyesha hata mmoja mwingine? Alikuwa na mtungi wake pale pale mlangoni." Nikasema uliogopa. Akasema, "Woga naujua. Lakini mimi nilichokiona nilikiona kwa jicho langu hili, na karatasi haiwezi kukitoa jichoni. Mwulize vizuri mwenye kioo. Kuna kitu hajasema." Sikupenda maneno yake, baba mdogo. Nilikutetea.

Niliporudi nikamsomea mama. Siku ya tatu nilikuwa namlisha uji, akanishika mkono.

Akasema, "Maji yangu nilikuwa nayachemsha."

Nikamwambia mama, kunywa uji.

"Nilikuwa nayachemsha. Stanslaus mwenyewe alinifundisha aliporudi kutoka Ikoma. Alipita nyumba zote akiwaambia wanawake wachemshe maji ya kunywa. Wenzangu walicheka. Walisema atakuja kutufundisha kuchemsha na mvua. Mimi nilifanya, kwa sababu ni shemeji yangu na amesoma. Kwa hiyo wakaniimba kisimani: Mogesi anapika maji bila unga, anampikia nani? Nilichemsha, nikafunika, nikatia mtungini. Kila siku. Ndiyo maana wewe hukuugua. Na yeye alijua, maana alikuwa akipita anauliza, shemeji, umechemsha? Namwambia nimechemsha."

Baba mdogo, mimi ni mwalimu, nina darubini, na ni wewe uliyenipa. Nilichota maji kisimani. Nusu nikaweka kama yalivyo. Nusu nikachemsha, nikafunika, nikatia kwenye mtungi wa mama, uleule aliotoka nao. Kesho yake nikatazama yote mawili. Katika maji mabichi niliona mengi uliyoniandikia, hata yule wa unyayo wa kiatu. Katika maji ya mama niliweka matone kumi. Nilimwita na Kisyeri atazame. Hakuna aliyetembea.

Heche aliona nini?

Nakuuliza pia jambo ambalo ni gumu kwa mtoto kumwuliza mzazi. Baba alipokufa, desturi ilikuwa urithi wake uangukie kwako, pamoja na mama. Je, mama alikukataa? Ilikuwa hasira?

Mama hajui kwamba nimeyaandika haya.

Wegesa


Tarime
20 Novemba 1957

Baba mdogo, shikamoo.

Hujajibu. Nimemwuliza dereva wa lori, anasema barua alimkabidhi Bhoke mkononi na akamwona akiingia nayo mlangoni kwako.

Mama yupo bado. Amekataa nimnunulie sanda kwa sababu anasema atakwenda na kitenge alichokuja nacho kutoka Matongo. Jana aliniuliza kama Stanslaus ameandika. Nikasema lori limekwama mtoni. Mvua haijanyesha huku majuma mawili, naye anajua.

Nasubiri.

Wegesa


Morotonga
Nimeanza 9 Desemba, namaliza 15 Desemba 1957

Mwanangu Wegesa,

Salamu kwako, kwa Kisyeri, na kwa Mogesi.

Bhoke ni mzima. Ananishikia karatasi isiteleze. Hajui kusoma, kwa hiyo naweza kuandika akiwa hapa. Jana aliniuliza, "Mzee, barua gani hii unaiandika kama mtu anayelima jiwe?" Nikamwambia ni barua ya nyumbani. Akasema, "Basi ungeenda mwenyewe." Amesema kweli, lakini sasa mlangoni penyewe sifiki. Amepata padri. Atakuja Jumapili, kama nitamngoja.

Barua yako ya Oktoba ilifika. Niliiweka chini ya chupa. Kila nilipotazama maji niliiona kupitia kioo, maandishi yako yamekuwa makubwa.

Nianze na swali gumu, ambalo kwangu ndilo rahisi. Hapana. Mama yako hakunikataa, kwa kuwa sikumwomba. Nilikuwa na mke wa kanisani. Na sikuwa na hasira naye hata siku moja. Ingekuwa hasira ningeweza kusema nilipofushwa. Nilimpenda shemeji yangu kama mtu anavyompenda mwanafunzi mmoja aliyesikia somo.

Sasa lile lingine.

Walipoleta kibuyu nilijua maji yale yamechemshwa. Niliweka tone lake la kwanza kwenye kioo. Lilikuwa tupu. Nikaweka la pili, nikasogeza kioo huku na huku. Tupu. La tatu vilevile. Wazee saba wamesimama nyuma yangu, wananisubiri mimi niliyesema hakuna kinachofichika. Ningesema tu: maji haya ni safi, Mogesi hana kitu. Maneno hayo yalikuwa mdomoni. Kisha Heche akasema, "Mura, huoni kitu? Basi hicho kioo chako ni cha kunyolea ndevu." Wakacheka. Wote saba. Hata yule mzee Marwa, aliyekuwa hachekagi.

Ni kicheko kile, Wegesa. Nimetafuta kitu kikubwa zaidi kwa miaka ishirini na mmoja na sijakipata. Watoto watatu wamekufa, mwanamke anasubiri nyumbani kwake na mtoto, na mimi kilichonichoma ni kuchekwa.

Nikasema, "Subirini." Chupa yangu ilikuwa dirishani, hii hii. Nilisimama kama mtu anayetafuta mwanga. Walikuwa bado wanacheka, hakuna aliyetazama mikono yangu. Nikachovya unyoya.

Nilitaka waone uwezo wa kioo, kisha niwaeleze. Naapa mbele ya padri ambaye hajafika kwamba nilitaka kuwaeleza. Nilidhani nitasema: mmeona, hawa wametoka kwenye chupa yangu, sasa tazameni maji ya Mogesi jinsi yalivyo safi. Ingekuwa somo zuri. Lakini Heche aliruka, kiti kikaanguka, na walipokuwa wanapokezana mimi niliona nyuso zao zinanitazama kwa heshima ambayo sijaiona tena. Kila uso mpya ulipoinama ilikuwa vigumu zaidi. Wa saba alipomaliza, kusema kweli kungekuwa kusema nimewadanganya wazee saba kwa unyoya wa kuku. Nikanyamaza. Walitoka wakikimbia.

Kwa hiyo mwambie Heche jicho lake halikumdanganya. Alichokiona kilikuwepo. Hakikutoka kwa Mogesi, kilitoka kwangu. Niliowatunza na kuwatazama miaka yote hii ni wajukuu wa wale aliowaona. Nilishindwa kuwamwaga kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwepo siku ile ambaye ningeweza kukaa naye.

Barua hii isomwe mbele ya iritongo, yote, na jina langu lisomwe kwa sauti. Nimeweka dole gumba chini, na Bhoke ameweka lake ingawa hajui anashuhudia nini. Mogesi akizikwa, azikwe upande wa kulia wa Magige. Upande wa kushoto niliuomba mimi zamani kwa Heche. Mwambieni nimeuacha. Mimi nitalala huku huku kwa wageni.

Chupa nimemwambia Bhoke aipeleke Manchira nikifa, aimimine polepole ukingoni penye majani.

Limebaki jambo moja. Heche halijui, mama yako halijui, na padri nitamwambia baada yako.

Walipoondoka waliacha kibuyu mezani kwangu. Kilikuwa bado kimejaa zaidi ya nusu. Nilikaa. Nilisikia kelele zinaanza upande wa nyumba ya mama yako, nikasikia miti ya paa inavunjwa, nikakusikia wewe unalia, sauti yako niliitambua. Jua lilikuwa kali na koo langu limekauka. Mtungi wangu ulikuwa mlangoni, umejaa maji mabichi ambayo mimi, mpimaji, nisingethubutu kuyanywa kiangazi kile.

Nilichukua kibuyu cha Mogesi nikanywa maji yake yote.